Usimtishe Mtoto kwa Tabibu wa Meno



Mimi ni bwana shamba. Kazi yangu ni mpunga, korosho, ufuta na minazi. Huenda ukajiuliza: bwana shamba na meno ya watoto, wapi na wapi?

Nitakujibu. Anayezunguka vijijini huona mengi kuliko yale aliyotumwa. Nimetembea miaka mingi katika Wilaya ya Kibiti na katika delta ya Mto Rufiji. Nimelala katika nyumba za wakulima na za wavuvi. Mara nyingi usiku nimesikia mtoto analia. Asubuhi nauliza, "Mtoto ana nini?" Mama ananijibu, "Jino." Nauliza tena, "Mmempeleka kwa tabibu?" Ananijibu, "Hataki. Anaogopa."

Jibu hilo nimelisikia mara nyingi mno. Ndiyo sababu leo naweka jembe chini kidogo, ili tuzungumze juu ya hofu hiyo. Mimi si daktari. Haya nimejifunza kwa kuwauliza matabibu, kwa kusoma, na kwa kuwalea wanangu mwenyewe.

HOFU HUPANDWA

Mtoto hazaliwi akimwogopa tabibu wa meno. Mtoto mchanga hajui koleo wala sindano. Hofu hiyo hupandwa, na wapandaji ni sisi watu wazima.

Sikiliza maneno yetu nyumbani. Mtoto akikataa kula, tunamwambia, "Nitakupeleka ukang'olewe meno." Akipiga kelele, "Ngoja daktari aje na sindano." Baba akitoka kung'oa jino, hukaa barazani akawasimulia wenzake jinsi damu ilivyotoka. Mtoto yuko pembeni anacheza. Tunadhani hasikii. Kumbe anasikia yote.

Maneno hayo ni mbegu. Kila tukiyarudia, tunaimwagilia maji. Siku jino linapouma kweli, mbegu imekwisha kuwa mti mkubwa. Tunashangaa kwa nini mtoto anajificha uvunguni.

Basi jambo la kwanza ni hili: usimfanye tabibu kuwa fimbo ya kumtishia mtoto. Utahitaji msaada wa tabibu huyo kesho.

SAFARI YA NYAMISATI

Nitakupa mfano mmoja nilioushuhudia. Ninyi mnaokaa delta mnajua safari zetu. Wakazi wengi wa upande wa Salale hupita Nyamisati. Huwezi kuondoka saa unayotaka. Unangoja maji yajae ndipo chombo kipite katika mikoko. Ukifika Nyamisati, unatafuta gari la kwenda Bungu, na kutoka Bungu unafuata barabara kuu hadi Kibiti. Safari ya jino inaweza kukula siku nzima, pamoja na nauli na chakula.

Siku moja tulikuwa ndani ya boti tukingoja maji. Alikuwamo mama mmoja na mwanawe wa darasa la pili. Shavu la mtoto lilikuwa limevimba kidogo. Abiria mmoja akamtania, "Wewe kijana, leo utakutana na koleo! Watakushika watu wanne!" Watu wakacheka. Nilimwambia bwana yule aache maneno hayo, naye akaacha. Lakini mbegu ilikuwa imekwisha kuingia udongoni.

Tulipofika Nyamisati, mtoto aliruka akakimbia. Alitafutwa mpaka alasiri. Mama alichoka, akapanda boti ya kurudi. Nauli ikapotea bure. Baada ya wiki tatu hivi uso wa mtoto ukavimba mpaka jicho likafumba. Alisafirishwa usiku kwa mtumbwi, akiwa na homa kali. Alipona, tunamshukuru Mungu. Lakini alilazwa siku kadhaa kwa jambo ambalo lingekwisha kwa nusu saa.

Utani wa dakika moja uligharimu yote hayo.

JINO BOVU SI JAMBO DOGO

Wengine husema, "Ni jino la utoto tu. Litang'oka lenyewe." Tufikiri pamoja.

Mtoto ana meno ya utoto 20. Huanza kuota akiwa na miezi 6 hivi. Huanza kung'oka akiwa na miaka 6 hivi. Lakini magego ya utoto hukaa mpaka miaka 10, hata 12. Je, mtoto wa miaka 5 mwenye gego bovu angoje miaka 6 akiwa na maumivu? Atakulaje? Atasomaje? Atalalaje?

Tena meno ya utoto hushika nafasi ya meno ya ukubwani. Gego la utoto liking'olewa mapema mno, mengine husogea, na jino jipya huota upande.

Kuna jambo jingine ambalo wazazi wengi hawalijui. Mtoto akifika miaka 6 hivi, gego la kwanza la ukubwani huota huko nyuma kabisa. Halingoji jino lolote ling'oke. Wazazi hulidhania ni la utoto, wakaliacha lioze. Hilo likipotea, halioti jingine.

Na jipu la jino ni hatari. Usaha unaweza kuenea mpaka chini ya taya na shingoni. Ukiona mtoto amevimba uso, ana homa, hawezi kufumbua kinywa au kumeza, usingoje kesho. Mpeleke siku hiyo hiyo.

JERAHA LA MENO YA PLASTIKI

Wahenga walisema, aliyeumwa na nyoka akiona jani hushtuka. Wapo watoto ambao vinywa vyao viliumizwa kabla hawajajua kusema.

Katika miaka ya 1980 zilienea sana nchini mwetu habari za "meno ya plastiki", au "meno ya nailoni". Mtoto mchanga akiharisha na kupata homa, watu walimfunua fizi. Wakiona uvimbe mweupe mahali pa chonge, walisema hilo ndilo jino la plastiki linalomuua mtoto. Likachimbuliwa kwa chuma kisicho safi, bila ganzi. Mwaka 1992 wataalamu wetu Hiza na Kikwilu walichapisha utafiti juu ya watoto wa kijiji kimoja cha mbali hapa Tanzania waliokosa meno kwa sababu hiyo.

Ukweli ni huu: hakuna jino la plastiki. Uvimbe ule ni jino la kawaida linalojiandaa kuota. Kuharisha kuna sababu nyingine, kama vile maji machafu, uchafu wa mikono, au ugonjwa. Mtoto anayeharisha anahitaji maji ya chumvichumvi na zahanati. Akichimbuliwa fizi anaweza kutokwa damu nyingi, kupata sumu ya damu, na hata kufa. Jino la ukubwani lililo chini yake pia linaweza kuharibika.

Ukisikia jirani anataka kufanya hivyo, mzuie kwa upole. Mwongoze zahanati. Utamwokoa mtoto, na utamwondolea hofu ya baadaye.

USIPOZIBA UFA

Tuna msemo kwamba dawa ya jino ni kung'oa. Msemo huu umetuharibia. Kwa sababu yake tunamwona tabibu wa meno kama mtu wa koleo tu. Tunangoja mpaka jino lifae kung'olewa, ndipo tunakwenda. Basi mtoto akienda mara ya kwanza, anakuta maumivu. Akirudi, anawasimulia wenzake. Kijiji kizima cha watoto kinaogopa.

Mimi napenda msemo mwingine: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Jino linapoanza kutoboka, tundu ni dogo. Tundu dogo huzibwa. Likizibwa mapema, jino linabaki, na mara nyingi mtoto haumii.

Tena ipo njia ya kuziba jino ambayo ilianzia hapa kwetu. Katikati ya miaka ya 1980, katika shule ya udaktari wa meno ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Mholanzi mmoja aitwaye Jo Frencken na wenzake walikabili tatizo la vijijini: hakuna umeme, hakuna mashine ya kutoboa meno. Wakatumia vyombo vidogo vya mkono tu. Tabibu hukwangua sehemu iliyooza na kulainika, kama unavyokwangua sehemu mbovu ya muhogo ukaacha iliyo nzima. Kisha hujaza tundu kwa saruji nyeupe ya meno inayoshika na kukauka.

Njia hiyo haina mngurumo wa mashine, na mara nyingi haihitaji sindano. Mngurumo na sindano ndivyo vitu ambavyo watoto wengi huviogopa zaidi. Baadaye njia hiyo ilijaribiwa Thailand na Zimbabwe, na mwaka 1994 Shirika la Afya Duniani likaitangaza kwa mataifa. Leo inatumika katika nchi nyingi. Shida ya vijijini kwetu ilizaa dawa ya ulimwengu.

Lakini njia hiyo ni ya tundu ambalo halijafika katika kiini cha jino. Likifika huko, jino likaota usaha, haitoshi tena. Kwa hiyo kuwahi ni jambo kubwa.

MWANDAE MTOTO KAMA SHAMBA

Tukimpelekea mkulima mbegu mpya, hatumlazimishi. Kwanza tunamwambia habari zake. Pili tunamwonyesha katika shamba darasa. Tatu anapanda mwenyewe sehemu ndogo. Akiona imezaa, hofu inakwisha.

Matabibu wa meno wa watoto nao hufuata njia hiyo hiyo: mwambie, mwonyeshe, kisha mtendee. Nilipoelezwa hayo nilicheka, maana ni kazi yangu ya kila siku. Wewe mzazi unaweza kuanza nyumbani.

Safari ya kwanza isiwe ya maumivu. Mpeleke mtoto akiwa mzima. Najua nauli ni ghali. Basi unganisha safari. Unapokwenda Kibiti kwa shughuli nyingine, au kumpeleka mdogo wake kliniki, mchukue naye aangaliwe meno. Kwanza uliza katika zahanati ya kijiji chako: tabibu wa meno yuko kituo gani, na siku gani?

Binti yangu alifuatana na kaka yake akiwa na miaka 5. Hakuwa na jino bovu. Tabibu alimkalisha kwenye kiti, akamhesabia meno, akampa kioo ajitazame. Aliporudi nyumbani aliwahesabia meno wenzake mtaa mzima. Mwaka uliofuata alipohitaji kuzibwa jino, alitangulia mbele yangu mlangoni.

Fanyeni mchezo nyumbani. Mtoto akae kwenye kigoda. Wewe uwe tabibu. Mwambie afumbue kinywa. Hesabu meno kwa mpini wa kijiko kisafi. Kisha mbadilishane: yeye awe tabibu, akuhesabie wewe. Mtoto akijua mchezo, hashangai kiti.

Mkumbushe jambo analolijua. Jino la utoto linapolegea, watoto wetu hufurahi. Wengi hulirusha juu ya paa na kungoja jipya. Hawaogopi, kwa sababu wamewaona wakubwa zao wakipita njia hiyo. Basi na tabibu awe hivyo: njia ambayo wote wamepita.

SEMA KWELI

Wazazi wengine hudanganya. Humwambia mtoto, "Tunakwenda kwa shangazi," kumbe wanakwenda hospitali. Au, "Hutaumia hata kidogo," kumbe kuna sindano. Mtoto akidanganywa mara moja, hatakuamini tena, wala hatamwamini tabibu.

Usimdanganye wala usimtishe. Sema kweli kwa maneno madogo. Mwambie: "Tabibu ataangalia meno yako. Likiwapo tundu, atalisafisha na kuliziba. Ikiwa lazima ling'olewe, atakutia ganzi kwanza. Utasikia kama mchomo wa mwiba mdogo, halafu mdomo utakufa ganzi. Mimi nitakuwa karibu."

Usimwambie mtoto wa kiume, "Jikaze, wewe ni mwanamume." Hofu haina mwanamume wala mwanamke. Mwambie, "Najua unaogopa. Hata wakubwa huogopa. Tutakwenda pamoja."

Wala usimwahidi pipi akitulia. Pipi ndiyo iliyompeleka huko. Mwahidi kitu kingine: daftari, mpira, au kukaa mbele ya boti wakati wa kurudi.

SIKU YENYEWE

Mtoto aende akiwa amelala vizuri na amekula. Mnaotoka delta, ikiwa maji yanawalazimisha kuondoka usiku wa manane, afadhali mlale kwa jamaa upande wa bara, mwende kwa tabibu asubuhi. Mtoto mwenye njaa na usingizi hulia hata bila kuguswa.

Aende na mtu anayempenda, na ambaye mwenyewe haogopi. Kama mama anatetemeka, baba aende, au bibi. Mtoto husoma uso wa mkubwa wake kabla hajasoma uso wa tabibu.

Mweleze tabibu, "Mwanangu anaogopa." Usione haya. Mwombe amweleze mtoto kila hatua. Patana naye alama: mtoto akiinua mkono, tabibu asimame kidogo. Mtoto akijua anaweza kusimamisha kazi, hutulia. Mwambie avute pumzi polepole kwa pua, aitoe polepole kwa mdomo. Au ahesabu kimoyomoyo mitumbwi inayopita mtoni.

Baada ya ganzi, mwangalie sana. Mdomo uliokufa ganzi hausikii, na mtoto anaweza kujiuma bila kujua. Asile mpaka ganzi iishe. Kama jino limeng'olewa, aume pamba kama alivyoambiwa, wala asisukutue kwa nguvu siku hiyo.

Kisha msifu mbele za watu. Mwambie baba yake, mwambie bibi yake: "Leo ameketi vizuri, amefumbua kinywa." Sifa hiyo nayo ni mbegu, lakini hii ni mbegu njema.

DAWA KUBWA IKO NYUMBANI

Mtoto mwenye meno mazima hana sababu kubwa ya kuogopa. Meno huozwa na sukari inayokaa kinywani mara kwa mara. Vijidudu vya kinywani hula sukari hiyo na kutoa asidi inayotoboa jino. Pipi, soda, biskuti na barafu za rangi zisiwe za kila saa. Maji, embe, ndizi na muhogo vinatosha kwa kumtuliza njaa.

Mswaki ni mara mbili kwa siku: asubuhi, na usiku kabla ya kulala. Ule wa usiku usiachwe. Tumia dawa ya meno yenye madini ya floraidi, maana madini hayo huimarisha jino. Mtoto wa chini ya miaka 3 apate kiasi cha punje ya mchele. Wa miaka 3 hadi 6 apate kiasi cha punje ya kunde. Ateme, asimeze. Mzazi amsaidie mpaka afike miaka 7 au 8, maana mkono wa mtoto mdogo haufiki magego ya nyuma.

TUJADILIANE

Wazee wetu wanaikumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Watu walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasomeana vitabu, kisha wakachimba vyoo na kusafisha visima. Hawakungoja mtu wa mjini aje awachimbie.

Nasi tufanye hivyo kwa jambo hili. Mkisha kusoma ukurasa huu, usomeni kwa sauti mbele ya wale wasiojua kusoma. Kisha mwulizane: Katika kijiji chetu, ni maneno gani tunayotumia kuwatishia watoto? Nani ana mtoto mwenye jino bovu sasa hivi? Je, watoto watano au sita wanaweza kusafiri siku moja, katika boti moja, na wazazi wawili, ili nauli ipungue na watoto watiane moyo? Nani atakwenda zahanati kuuliza siku ya tabibu?

Na jioni ya leo, ndugu msomaji, mwite mwanao karibu na taa. Mwambie afumbue kinywa. Angalia magego ya nyuma, juu na chini. Ukiona doa jeusi au tundu, usimgombeze wala usimtajie koleo. Mwambie tu, "Tutakwenda kuliziba." Halafu mwende kweli, kabla halijaanza kuuma.